Marekani: Chakula cha wageni kinapendwa, wageni wenyewe wanafungiwa mlango

Wamarekani wanakula pizza ya Waitalia, soseji za Wajerumani na taco za Wamexico kama vyakula vya kwao. Lakini waliovileta hawakupokelewa vizuri kila mara. Mfano wazi ni Wachina.

Sheria ya 1882 iliwazuia wafanyakazi wa Kichina kuingia inchini; lakini wafanyabiashara waliruhusiwa. Mwaka wa 1915, tribinali iliamua kwamba mwenye restora naye ni mfanyabiashara. Ndugu wakachanga feza, wakapokezana usimamizi kwa zamu, karibu kama likelemba, ili kila mmoja apate karatasi na kuleta jamaa. Restora za Wachina zikaongezeka haraka, zaidi New York. Si utamu wa tambi peke yake uliozisambaza, ni sheria pia.

Leo Wakongo nao wamo. Kati ya wakimbizi ambao Marekani ilipokea katika mwaka wa bajeti wa 2024, Wakongo ndio walikuwa wengi kuliko wote, karibu 20 000. Walifika na fufu yao na sombe yao, na majani ya muhogo yaliyoganda barafu yanauzwa ndani ya maduka ya Waafrika.

Tarehe 20 Januari 2025, rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi. Familia ambazo zilikuwa zimekwisha kukubaliwa zilibaki makambini. Kwa Mkongo aliye Nyarugusu, Tanzania, ao Nakivale, Uganda, hakuna restora ya kumfungulia mlango kama ilivyokuwa 1915.