Mfumo umekataa

Leo tuweke kando kidogo kompyuta zinazogoma. Nataka tuongee kuhusu sentensi moja tu: "Mfumo umekataa."

Ukitaja Kaskazini Mashariki na amri za wakubwa, wengi hukumbuka Wagalla, karibu na mji wa Wajir, Februari 1984. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye kiwanja cha ndege, na wengi wakauawa na vikosi vya serikali. Pale kulikuwa na bunduki. Mimi leo nauliza kuhusu utiifu usiohitaji bunduki, ule wa ofisini.

Chukua Garissa. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Somalia, lakini ukame na njaa viliwabana Wakenya wa jirani pia. Baadhi ya familia zikajiandikisha kama wakimbizi ili zipate chakula, matibabu na shule. Watoto nao wakaandikishwa, na alama za vidole zikachukuliwa. Walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa, vidole vyao vikaonekana kwenye hifadhidata ya wakimbizi. Jibu likawa hapana. Maelfu walikwama hivyo kwa miaka mingi. Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti ya benki, hupigi kura.

Sasa mfikirie karani aliye dirishani. Huenda anamjua mama wa kijana yule na anajua fika kwamba ni Mkenya. Moyo unasema hivi, skrini inasema vile. Anafuata skrini. Je, ni mtu mbaya? Sidhani.

Mwaka 1961 huko Marekani, Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale alianza kuwapima watu wa kawaida. Waliamriwa kumpiga mtu shoti ya umeme kila alipokosea jibu, hadi volti 450. Umeme haukuwa wa kweli, lakini wao hawakujua. Katika jaribio linalojulikana zaidi, 26 kati ya 40 walifika mwisho. Aliyeumizwa alipowekwa chumba kimoja nao, waliofika mwisho wakapungua hadi 16. Lakini pale mtu mwingine alipobonyeza swichi, wao wakibaki na kazi ndogo pembeni, waliofika mwisho walikuwa 37.

Isome tena hiyo ya mwisho. Kadiri kazi inavyogawanywa, ndivyo dhamiri inavyolala.

Na sisi waandishi wa programu ndio mafundi wa kugawa kazi! Huyu anachukua vidole, yule analinganisha, mwingine anasoma jibu. Ukiuliza nani aliyemkatalia kijana, kila mmoja atamwonyesha mwenzake.

Mimi mwenyewe simo nje. Kuna mteja niliyewahi kumwandikia programu ya kuhakiki watu. Nikauliza: aliyezuiwa kimakosa atalalamika wapi? Nikaambiwa hilo si lako, wewe andika tu. Nikaandika. Kipande changu kilikuwa kifupi: namba zikilingana, zuia. Sikumwona hata mmoja aliyezuiwa, nikalipwa, nikalala vizuri. Usingizi ule ndio unaonisumbua leo.

Nalinganisha na basi la Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa, na wengine wakawapa wenzao nguo za kujistiri wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Wale walikuwa na mtutu wa bunduki mbele yao, lakini pia walikuwa na uso wa jirani kwenye kiti cha pili. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai na barua pepe ya mkubwa.

Kwa hiyo, wenzangu mnaoandika programu, kila mahali mnapoandika "zuia", wekeni pia njia ya kumfikia binadamu mwenye jina na mamlaka ya kubadilisha jibu. Mkiambiwa si kazi yenu, ulizeni tena.

Mfumo haukatai mtu. Sisi ndio tunaokataa, halafu tunausingizia mfumo.