Kijana Aache Kazi Asomee Kompyuta za Kwantamu?



Juma lililopita alinijia ofisini mzazi mmoja, karatasi ya tangazo mkononi. Mwanawe, mwandishi wa programu za kompyuta katika kampuni ya hapa jijini, ataka kuacha kazi akalipie masomo ya kompyuta za kwantamu, kwa kuwa tangazo lile laahidi ajira mara tu atakapohitimu. “Ndugu mwandishi,” akauliza, “nimruhusu au nimzuie?” Nimeona nimjibu hapa, kwa faida ya wazazi wengine.

Kompyuta tuliyoizoea huhesabu kwa biti, ambayo ni ama sifuri ama moja. Kyubiti, iliyo msingi wa kompyuta ya kwantamu, yaweza kuwa mchanganyiko wa hali hizo mbili mpaka ipimwe. Wako wasemao kwamba mashine hii hujaribu majibu yote kwa pamoja, kisha ikachagua lililo sahihi. Sivyo. Yafaa kuwazia mawimbi mawili yanayokutana: kilele kikikutana na bonde, maji hutulia, kilele kwa kilele, wimbi huinuka. Mwandishi wa programu hupanga hatua zake ili majibu ya makosa yafutane na jibu la kweli liinuke. Mwaka 1994 Peter Shor wa Marekani alionyesha kwamba kwa njia hiyo namba kubwa sana yaweza kuvunjwa ikajulikana imetokana na kuzidisha namba zipi. Ugumu wa kazi hiyo ndio kufuli la siri nyingi za benki na mitandao.

Je, kijana ajifunzie wapi, ilhali mashine za IBM na Google hukaa katika baridi inayokaribia nyuzi 273 chini ya sifuri? Hapo habari ni njema. Mei 2016 IBM iliwafungulia watu mashine ya kyubiti 5 kupitia intaneti, na mwaka 2017 ikatoa Qiskit, zana za bure zitumiazo lugha ya Python. Hata kompyuta yake ya nyumbani yaweza kuigiza kyubiti chache. Nasema chache, maana kila kyubiti ikiongezwa, kumbukumbu inayohitajika huwa maradufu: kyubiti 30 zadai takriban gigabaiti 16, na 40 zadai zaidi ya mara elfu moja ya hizo.

Atahitaji aljebra ya matriksi, namba changamano na hesabu za uwezekano. Fizikia ya chuo kikuu si sharti la kuanzia. Litakalomsumbua ni mazoea. Programu ya kawaida ikikosea, huisimamisha katikati akachungulia. Hapa ukichungulia umeharibu, kama mpishi afunuaye chungu cha wali kabla haujaiva, ila wali huu hauwezi kufunikwa tena.

Na ajira? Mwaka 2001 mashine ya kyubiti 7 iliivunja namba 15 ikapata 3 na 5, hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Desemba 2024 Google ilitangaza chipu ya Willow, yenye kyubiti 105, ambamo makosa yalipungua kadiri kyubiti nyingi zilivyounganishwa kusahihishana. Ni hatua kubwa kweli. Lakini makadirio yaliyotolewa na mtaalamu wa Google mwaka 2025 kuhusu kulivunja kufuli la RSA la biti 2048 yalikaribia kyubiti milioni moja. Toka 105 hadi milioni!

Ipo hata hivyo kazi isiyosubiri. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya makufuli mapya ya kuhimili mashine hizo, kwa kuwa siri iliyonaswa leo yaweza kuhifadhiwa ikafunguliwa miaka ijayo. Kuyabadili makufuli hayo katika programu za malipo na za hospitali ni kazi ya waandishi wa kawaida, kwa kompyuta za kawaida.

Basi nilimwambia mzazi yule: kijana asiache kazi, wala asilipie ahadi. Atenge saa mbili kila jioni, na huko kazini aulize programu zao zatumia kufuli gani.

Mzazi akaikunja karatasi ile, akauliza kama matriksi hufundishwa sekondari. Nikamwambia ndiyo.

“Basi daftari lake bado ninalo kabatini,” akasema.