Samaki Thomson na Sufuria ya Mfanyakazi

Huyu samaki Thomson tunayemla na bukari Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hatoki katika inchi yetu. Anavuliwa katika bahari ya Namibia, anagandishwa, anapakiwa Walvis Bay, anapita Zambia hadi Kasumbalesa. Mwenye meli, mwenye lori, watu wa duane, kila mmoja anakata sehemu yake, tena kwa dola. Mama sokoni analipa kwa franka.

Kwa wauzaji biashara ni nzuri, kwani sisi walaji ni wengi na nyama ni ghali. Lakini itadumu? Bahari ileile ilitoa zaidi ya tani milioni moja za sardini mwaka 1968. Wakavua kupita kiasi, na mwaka 2018 Serikali ya Namibia ikakataza kuzivua. Thomson naye ana kipimo cha kila mwaka. Kikipunguzwa, sufuria zetu zitasikia.

Na huku samaki wa Tanganyika, Mweru na Upemba wanakaushwa ao wanaoza njiani, juu ya barabara mbovu. Tunataka barabara na nyumba za barafu Kalemie, Kilwa na Bukama. Feza za shaba tunazichimba sisi. Wakubwa watuambie zinakwenda wapi.