Kucha za Miguu Zilizoharibika

Yako maradhi ambayo mtu huyaficha ndani ya viatu vyake miaka mingi, asimwambie hata mwenzi wake. Mojawapo ni kuvu ya kucha, ambayo siku hizi wengi huiita fangasi. Mwanzoni haiumi, ndiyo sababu hudharauliwa.

Mara nyingi huanzia kidole gumba. Ncha ya ukucha au ubavu wake hugeuka rangi, ukawa mweupe au wa manjano. Kisha ukucha huwa mnene, humomonyoka kama chokaa ya ukuta wa zamani, na chini yake hujaa unga. Watoto hupatwa kwa nadra. Wazee ndio hasa.

Lakini si kila ukucha mbaya una kuvu. Karibu nusu tu ya kucha zilizoharibika ndizo zenye kuvu. Nyingine zimeumizwa na kiatu kinachobana, au zina ugonjwa mwingine. Kwa hiyo yafaa kipande kikatwe, kitazamwe kwa hadubini, kabla mtu hajatoa fedha yake. Tena, sisi watu weusi twaweza kuwa na mistari myeusi katika kucha kadhaa pasipo ugonjwa wo wote. Lakini ukitokea mstari mmoja peke yake, nao wazidi kupanuka au waingia katika ngozi, usikawie kwenda kwa daktari. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika alionekana mwaka 1977 kuwa na saratani chini ya ukucha wa mguu, naye akafa mwaka 1981, umri wake miaka 36.

Sasa habari ya dawa, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Wengine huukwangua ukucha kwa kisu, au hupaka mafuta ya taa kama wafanyavyo kwa funza. Hayo huleta kidonda tu. Malhamu nayo haipenyi vema ukucha mnene. Dawa yenye nguvu ni vidonge, kama terbinafini, ambavyo kwa kawaida mtu mzima humeza kila siku kwa majuma 12; na daktari hana budi kuuliza kwanza habari za ini, za mimba, na za dawa nyingine atumiazo mgonjwa. Basi majuma yakiisha, mgonjwa hutazama kidole, aona ukucha ni mbaya vile vile, hukasirika, akasema amedanganywa. Hakudanganywa. Dawa haiutengenezi ukucha wa kale. Huulinda ule mpya uotao toka shinani. Nao huota polepole sana, kama milimita moja na nusu kwa mwezi, hata ukucha wa kidole gumba kugeuka wote ni mwaka mmoja au mwaka na nusu. Autazame mpaka kati ya sehemu safi na ile mbaya: ukisogea mbele mwezi kwa mwezi, dawa imefanya kazi.

Mwenye kisukari asingoje kabisa. Ukucha mnene huweza kuchoma kidole cha pili, naye hasikii kwa kuwa mguu umekufa ganzi. Kidonda huoza, na miguu imekatwa kwa sababu ndogo kama hiyo.

Kuvu hupenda joto na unyevu, na mara nyingi hutoka katika ngozi ya kati ya vidole, iwashayo na kuchubuka. Itibiwe ngozi hiyo mapema, na miguu ikaushwe vema baada ya kuoga, hata kati ya vidole. Walimu wa shule za bweni wawahimize wanafunzi kuvaa ndala bafuni. Nao vijana wapitao mitaani na beseni, wakikata kucha za akina mama na kuzipaka rangi, wajitafutia riziki ya halali. Ila mkasi wao mmoja hupita miguu mingi. Mama awe na wake nyumbani, ampe kijana autumie huo. Avaaye buti mchana kutwa, kama mlinzi, abadili soksi kila siku, na akiweza awe na jozi mbili za viatu, moja ivaliwe na moja ikauke.