Pasi Zinapotelea Ofisini

Kama umewahi kusimama pembezoni mwa uwanja wa chuo chochote cha Nyanda za Juu Kusini wakati wa mashindano, unaijua kelele hii: "Toa pasi!" Huanza kwa upole, kama ushauri wa kaka kwa mdogo wake. Ikifika dakika ya sitini imekwisha kuwa tusi. Beki anaubutua mpira juu, mshambuliaji aliye peke yake anaukimbilia kati ya mabeki watatu, kipa wa upande wa pili anaudaka bila kutoka jasho, na kiungo, ambaye kazi yake ni kuunganisha mbele na nyuma, anautazama ukipita juu ya kichwa chake kama abiria anayetazama basi lililojaa likimpita kituoni. Mashabiki wanapandwa na hasira. Wana haki.

Ninaanza kwa kusema kwamba wana haki, kwa sababu katika vyuo vyetu imezuka tabia ya kuwanyamazisha. Utawasikia walezi wa michezo wakisema, "Hawa ni wanafunzi tu, wamekuja kusoma." Au, "Michezo ni afya, msiwavunje moyo vijana." Ni maneno matamu yanayoficha jambo chungu. Mwanafunzi akishindwa somo la takwimu, hatusemi kwamba ni mwanafunzi tu. Tunakaa kikao cha mitihani, tunauliza alifundishwa nini, kwa saa ngapi, na kama vitabu vilikuwepo. Ikiwa darasa zima limeshindwa, mwalimu mwenye haya huanza kujitazama yeye mwenyewe kabla ya kuwatazama vijana. Timu nzima inaposhindwa kupiga pasi tatu mfululizo, mwaka hadi mwaka, kwa nini kikao hicho hakiitishwi?

Hasira ya shabiki ni halali, ila imepelekwa kusikostahili. Inamwangukia kijana aliyevaa jezi namba nane, ambaye hana cheo wala fungu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba pasi inayopotea katikati ya uwanja ilikwisha kupotea majuma mengi kabla ya filimbi, katika ofisi ambayo mashabiki hawaifikirii kabisa wanapopiga kelele.

Watu wengi hudhani pasi ni suala la mguu. Mguu una sehemu yake, na mwenye mguu mzito hatapona hata ukimpa uwanja wa Wembley. Lakini anayepiga pasi haoni wakati ujao. Anaamini tu kwamba mwenzake atakuwapo pale mpira utakapofika. Imani hiyo haizaliwi kwa hotuba ya kocha kabla ya mechi. Huzaliwa kwa mazoea ya watu walewale, mahali pamoja, kwa muda mrefu.

Historia ya mchezo wenyewe inalithibitisha hili tangu siku ya kwanza. Mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa ilichezwa Glasgow, Novemba 30, 1872, kati ya Uskochi na Uingereza. Waingereza walikuwa wazito zaidi kwa miili, na mchezo wao ulikuwa wa mtu mmoja kukimbia na mpira hadi auporwe. Waskochi, kwa wepesi wao, hawakuweza kushindana kwa mabega. Waliugawa mpira baina yao. Mechi iliisha 0-0. Kinachonivutia zaidi ya matokeo hayo ni orodha ya wachezaji: Waskochi wote kumi na mmoja walitoka klabu moja, Queen's Park, ilhali Waingereza walikusanywa kutoka klabu mbalimbali. Watu waliozoeana waliweza kupasiana, na wale waliokutanishwa kwa ajili ya siku moja walikimbia kila mtu na lake. Zaidi ya miaka 150 imepita, nasi bado tunakusanya vijana juma moja kabla ya mashindano, kisha tunashangaa kila mmoja anapokimbia na mpira wake.

Kuna jibu moja ambalo husikika sana huku kwetu, nami nalichukia kuliko mengine yote. Hudai kwamba watu wa Mbeya na Iringa ni watu wa mpira wa nguvu. Kwamba baridi, milima na ugali vimetupa mapafu na misuli, na kwamba pasi fupi fupi, kampa-kampa-tena, tuwaachie watu wa Pwani. Mtu anayesema hivi ama hakuwapo msimu wa 2013/14 ama amechagua kusahau. Msimu huo Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ikamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na mbele ya Simba. Uwanja wa Sokoine ulifurika. Kocha wao, Juma Mwambusi, hakuwa na majina makubwa. Alikuwa na vijana waliozoeana, na mpira wao ulitembea. Baridi ya Mbeya ilikuwa ileile.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 2015 Deus Kaseke alikwenda Yanga na Peter Mwalyanzi akaenda Simba. Kabla mwaka haujaisha, Mwambusi naye alikuwa benchi la Yanga kama msaidizi. Simlaumu hata mmoja wao. Kijana ana familia, na kocha ana haki ya kupanda ngazi. Ninachouliza ni kile kilichobaki nyuma yao: kikosi cha pili kilichofundishwa namna ileile kilikuwa wapi? Mbeya City ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2022/23, na imerudi Ligi Kuu mwaka 2025. Iringa nako, Lipuli iliwafunga Yanga 2-0 katika uwanja wa Samora kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikafungwa na Azam bao moja katika fainali kule Lindi, na mwaka mmoja baadaye ikawa imeshuka daraja. Watu hawa hawakupoteza vipaji vyao kwa miezi kumi na miwili. Kilichovunjwa ni mazoea.

Sasa nije Madibira, kwa sababu hapo jambo hili lina uchungu wa aina yake. Madibira iko Mbarali, mkoani Mbeya, lakini kijana wa huko anayetafuta gari hupata Mafinga ya Iringa upande mmoja na Rujewa upande wa pili. Akimaliza sekondari, chuo chake kinaweza kuwa Mbeya au Iringa, vyote vyamfaa. Wengi wa viungo tunaowatukana katika viwanja vya vyuo wametoka sehemu kama hiyo. Na kwa miaka michache vijana wa Mbarali walikuwa na kitu ambacho wilaya nyingi za Tanzania hazijawahi kukipata: timu ya Ligi Kuu nyumbani kwao. Ihefu, iliyobeba jina la ardhioevu ya Usangu, ilicheza katika uwanja wa Highland Estates, Ubaruku. Novemba 29, 2022 iliifunga Yanga 2-1 na kuikatisha rekodi ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Oktoba 2023 ikaifunga tena, uwanja uleule, kwa mabao yaleyale. Mtoto wa mkulima wa mpunga aliweza kusimama hatua chache kutoka mstari na kumtazama kiungo wa Ligi Kuu akigeuza shingo kabla mpira haujamfikia. Hilo ni darasa, na hakuna video kwenye simu inayoweza kulifidia, kwa kuwa kamera hufuata mpira, na elimu ya pasi iko kwa wale wasio na mpira.

Mwaka 2024 timu ilihamia Singida. Msimu wa 2024/25 ikaanza kwa jina la Singida Black Stars, na jina la Ihefu likatoweka katika msimamo wa ligi. Sibishani na haki ya mwenye mali kuhamisha mali yake. Ila napenda tukubaliane kwamba timu ya mpira ina wenye mali wawili: yule aliyeandikwa kwenye hati, na yule anayelipa kiingilio, anayeimba mvuani, anayemnyima usingizi mke wake kwa sababu ya penalti iliyokoswa. Huyu wa pili hakuwa na kikao. Darasa lake lilifungwa na walimu wakapakiwa, naye akaambiwa ndiyo soka la kisasa.

Turudi vyuoni, maana huko hatuna bilionea wa kumsingizia. Huko wenye mali ni sisi.

Chukua hesabu rahisi. Wachezaji ishirini na wawili wanafanya mazoezi kwa saa moja na mpira mmoja. Hata kama mpira hautatoka nje hata mara moja, na hata kama utagawanywa kwa haki kamili, kila mmoja atakuwa nao kwa chini ya dakika tatu. Dakika tatu! Hakuna mwalimu wa kompyuta angekubali wanafunzi ishirini na wawili wapeane kibodi moja, kisha awatukane siku ya mtihani kwa kuandika polepole. Gawanya vijana haohao katika makundi ya wanne, kila kundi na mpira wake, watatu wapasiane na mmoja awasumbue katikati. Kila mmoja atapata robo saa. Hii ndiyo njia ya kufundisha pasi, na haihitaji mtaalamu kutoka Ureno. Inahitaji mipira mingi, na inahitaji ifanyike Februari, wakati hakuna kombe linalokaribia wala mgeni rasmi.

Lakini mipira haipigwi picha vizuri. Jezi mpya zinapigwa picha. Basi lenye bango linapigwa picha. Posho za msafara hazipigwi picha, ila zinaliwa, na orodha ya msafara hurefuka kila mwaka hadi viongozi wanakaribia kuwa wengi kuliko wachezaji. Wasomaji wangu watumishi wa umma, msiguse kola zenu. Mnajua vema fungu la michezo linavyotembea ndani ya taasisi, na mnajua ni katika hatua gani hupungua uzito.

Halafu kuna mamluki. Naisema desturi, simsemi mtu wala chuo. Mashindano yakikaribia, hutafutwa vijana wanaocheza ligi za mkoa, hupewa kitambulisho ambacho wino wake haujakauka, na wanafunzi halisi waliokimbia alfajiri miezi mitatu hukalishwa benchi. Uongozi hufikiri umenunua ushindi. Ulichonunua ni wageni kumi na mmoja wasiojuana hata majina, na wageni hawapasiani, hubutua. Hapo shabiki anatukana watu ambao hata si wanafunzi wenzake, huku mwanafunzi aliyelipa mchango wa michezo akitazama nafasi yake ikichezwa na mtu ambaye Jumatatu hatakuwa darasani. Huu ni udanganyifu wa mtihani, na ningependa kuona ukiadhibiwa kwa kanuni zilezile.

Nitaambiwa kwamba vyuo vina upungufu wa mabweni, wa maabara, wa wahadhiri, na kwamba mhadhiri mwenye akili timamu hawezi kupoteza karatasi kwa ajili ya mipira. Ningenyamaza kama fungu la michezo lisingekuwapo. Lipo. Linatolewa, linasainiwa, linatumika. Siombi shilingi iongezwe; naomba ile iliyopo ifike kwenye nyasi. Na wanaosema tatizo ni viwanja vya vumbi na mashimo wana hoja nusu. Mpira ukidunda ovyo, kijana hujifunza kuuogopa, na anayeuogopa huubutua. Hilo ni kweli kabisa. Lakini kufukia mashimo kwa udongo, kushindilia na kupanda nyasi wakati wa masika ni kazi ambayo wanafunzi mia tano wanaweza kuimaliza kwa Jumamosi chache, kama kuna mtu ofisini wa kuleta lori moja la udongo na kuacha kukodisha uwanja huo kwa sherehe.

Wakulima wa Madibira, wenye skimu ya hekta 3,000 inayotegemea maji ya mto Ndembera, hawawezi kushangazwa na haya. Jaruba la mwisho likikauka, hawaendi kulitukana jaruba. Wanafuata mfereji kuelekea juu hadi wamkute aliyeuziba.

Kwa hiyo wanaharakati wa vyuoni, mlio hodari wa kudai mikopo ichelewapo, dai hili nalo liingizeni kwenye mkutano mkuu ujao wa serikali ya wanafunzi. Ulizeni fungu la michezo la mwaka huu lilikuwa kiasi gani, lilinunua mipira mingapi, na msafara wa mwisho ulikuwa na watu wangapi wasiovaa viatu vya mpira. Ombeni majibu kwa maandishi. Mwaka wa fedha wa Serikali huisha Juni 30, na bajeti inayofuata huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Anayetaka mipira ishirini iwe uwanjani muhula mpya utakapoanza, ahakikishe imeandikwa sasa, wakati kalamu ya mhasibu bado iko juu ya meza.