Sikinde wapite na Same

Kuijua bendi ya dansi, redio haitoshi. Sisi tuliokulia Mbaga, juu milimani wilayani Same, tuliijua DDC Mlimani Park, yaani Sikinde, kwa Radio Tanzania tu, na mara nyingi mtangazaji alikata wimbo kabla chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezeka, halijakolea. Nilipowaona Dar es Salaam nilisimama upande wa wapulizaji. Tarumbeta na saksofoni zikiingia kwa pamoja, unazisikia kifuani kwanza. Kisha mpiga solo anamtazama wa besi, anatikisa kichwa kidogo tu, tumba zinapokea, na ukumbi mzima uko juu. Muhidin Gurumo, mmoja wa walioianzisha bendi hiyo mwaka 1978, alifariki 2014, lakini nyimbo zake bado zinaimbwa kwa heshima yote.

Ombi langu kwa bendi zetu za dansi, Msondo nao wamo: mkienda Moshi au Arusha mnapita Same, barabara ni hiyo hiyo. Simameni hata usiku mmoja. Kuna wazee huko milimani, Vudee na Suji, wanaojua kila ubeti na hawajawahi kuwaona mkipiga. Kuteremka hadi Same mjini wataweza. Safari ya Dar hawaiwezi tena.