Mafunzo ya Mwaka: Mshahara Wetu na Korosho za Jirani

Ndugu wanachama, mwaka unapokaribia kwisha ni desturi ya gazeti letu hili dogo kumpa mmoja wetu nafasi aeleze aliyojifunza, na safari hii zamu ni yetu. Twajua kwamba wengi walitazamia tuandike juu ya vyeo, nyumba za kazi na nauli za likizo. Mambo hayo hatuyadharau. Tutayarudia mwakani, maana hayajapata kwisha hata mara moja. Lakini katika mkutano wetu uliopita palizuka ugomvi ambao mwenyekiti alishindwa kuutuliza. Watu walitoka nao mpaka nje, wakaendelea nao njiani, wengine wakirudi Masasi na wengine wakipanda kwenda Newala. Ugomvi huo ulikuwa juu ya kangomba. Nasi siku ile tulinyamaza kimya, kwa sababu ambayo msomaji ataifahamu akiendelea.

Kwa ajili ya wanachama walioletwa huku kusini karibuni, yafaa tueleze. Kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho za Mtwara katika msimu wa 2007/08, mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, zikapimwa kwa mizani, zikapelekwa ghala kuu, kisha zikauzwa mnadani chini ya chama kikuu. Wakulima wa Newala wako katika TANECU pamoja na wenzao wa Tandahimba. Wa Masasi wako katika MAMCU. Kangomba ni kuinunua korosho nje ya njia hiyo, kwa siri na kwa bei ya chini, mara nyingi kwa bakuli badala ya mizani, na mara nyingi zaidi kabla mti haujatoa hata ua. Leo wampa mtu fedha katika dhiki yake, naye msimu ukifika akulipa kwa korosho. Serikali imekataza, na kila mtu ajua imekataza.

Tuulizwapo hadharani ni nani wafanyao biashara hiyo, twajibu "walanguzi", kana kwamba ni watu watokao mbali na magari yao. Wako wa namna hiyo, hatukatai. Lakini mwezi wa Machi, katika kijiji cha uwandani, ni nani mwenye elfu sitini mfukoni? Ni mwalimu, ni mganga wa zahanati, ni bwana shamba, ni karani.

Uwanda wa Makonde hauna mto juu yake. Mvua inyeshapo maji huzama katika mchanga, na kabla ya mabomba kuanza kuletwa katika miaka ya 1950 wanawake wa Newala walishuka mabondeni kuteka, wakapanda tena na mitungi kichwani. Hata sasa, bomba likikauka, mwenye birika la kuvunia maji ya mvua ndiye bwana wa mtaa. Fedha nayo kwetu ni hivyo hivyo. Humwagika mara moja kwa mwaka, tangu Oktoba hadi Januari korosho ziuzwapo, kisha huzama. Ikifika Februari mahindi ya shamba hayajakauka, watoto wamekwisha kufungua shule nao wataka sare na madaftari, malaria yazidi kwa sababu ya mvua, na nyumba nyingi hukosa hata shilingi ya chumvi. Sisi tupatao mshahara ndio wenye birika. Si kwamba tu matajiri. Kila mmoja wetu adaiwa dukani. Lakini fedha yetu, ingawa ni kidogo, huja kila mwezi, na katika Machi elfu kumi ni kubwa kuliko ilivyo katika Novemba.

Sasa twakiri. Mwezi wa Machi 2018 mzee mmoja jirani yetu alikuja barazani jioni. Tulimkaribisha chakula, naye hakusema shida yake mpaka tulipokwisha kunawa. Kisha akasema, "Mwanangu karani, mjukuu wangu yu hospitali, nami sina kitu. Nisaidie elfu sitini, msimu nitakupa gunia." Tukamwuliza, "Gunia la kilo ngapi, mzee?" Akajibu, "Utakavyoandika wewe."

Tukaandika kilo 50.

Msomaji apige hesabu, maana sisi sote tulifundishwa hesabu za riba shuleni, nasi tulizipenda kwa kuwa zilikuwa na jibu moja. Elfu sitini kwa kilo 50 ni shilingi 1,200 kwa kilo. Katika msimu uliokuwa umekwisha punde, ule wa 2017/18, korosho zilikuwa zimefika shilingi 4,000 kwa kilo katika minada kadhaa, nasi tulilijua jambo hilo vizuri kuliko yeye. Alipoondoka alitushukuru sana, akatuombea dua. Tulilala tukijiona wafadhili.

Mambo ya Oktoba mwaka ule hayajasahauliwa. Wanunuzi walileta mnadani bei za kati ya shilingi 1,900 na 2,700 kwa kilo, na wakulima wa Newala na Tandahimba wakakataa kuuza. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300, nalo jeshi lizikusanye. Kisha ukaja uhakiki: mtu aliyepeleka zaidi ya kilo 1,500 alipaswa kuonyesha shamba zilikotoka. Ndipo tuliposhuhudia mambo ya aibu. Mtumishi mmoja, ambaye hatumtaji wala kazi yake hatuitaji, aliwazungukia wazee usiku akiwasihi waseme kwamba mikorosho yao ni yake. Wazee wale walikuwa wamekwisha kumpa korosho. Sasa aliwataka wampe na miti.

Sisi hatukuguswa. Mzee wetu alikuwa ameleta gunia lake kwa baiskeli, mwenyewe, wala halikupungua kilo hata moja. Tulikuwa tumelipeleka katika chama cha msingi kwa jina la ndugu yetu mwenye shamba, na gunia moja halimtii mtu shaka. Mwaka 2019 tulilipwa shilingi 165,000, baada ya kungoja kama walivyongoja wakulima, tena tukinung'unika pamoja nao kana kwamba tulipalilia. Faida yetu ilikuwa shilingi 105,000 juu ya elfu sitini, yaani 175 kwa kila mia. Hakuna benki ithubutuyo kubandika neno hilo mlangoni.

Katika ugomvi wa mkutanoni wale waliotetea kangomba walikuwa na hoja, na haifai kuzipuuza. Walisema: Asipokopa kwetu atakopa kwa nani? Benki haimjui. Mtoto akiugua usiku, mzee hatakwenda mnadani. Hili ni kweli, na mtu anayeikemea kangomba bila kulijibu apiga kelele tu. Walisema tena kwamba mkopeshaji naye abahatisha, kwa kuwa bei yaweza kuanguka, au ubwiriunga ukala maua yote. Hapa twakataa, maana tumeifanya kazi hiyo na twaijua kwa ndani. Hata zile bei za Oktoba 2018, zilizowafanya wakulima waikatae minada, zilikuwa juu ya 1,200 yetu. Na korosho zikikosekana, deni halifi. Lahamishwa ukurasa mwingine, na mara nyingi kilo zaongezwa. Anayebahatisha ni yule asiyeshika kalamu.

Wako waliosema wakopaji ni watu wazima wenye akili zao, nao hukubali kwa hiari. Ndugu zetu, tulikuwapo. Mtu asemaye "Utakavyoandika wewe" hakufanya mapatano. Amejitia mikononi mwa mtu mwingine, akitumaini kwamba mtu huyo ni muungwana. Misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876, Askofu Steere alipofika huko na watu waliokombolewa utumwani. Hatutaki kuzidisha maneno: deni si utumwa, na mwenye kuyafananisha hayo mawili hajui utumwa. Walakini mtu apuliziaye salfa miti yake, akiisafisha chini na kuilinda na moto, hali mavuno yake yamekwisha kuwa ya mwingine, afanya kazi ya nani?

Jambo hili laonekana zaidi bei iwapo nzuri. Oktoba 2024, katika minada ya kwanza, bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Vijijini palikuwa na furaha, watu walinunua mabati na pikipiki, sisi tuliokuwapo tuliona. Tuliona pia nyumba zilizokaa kimya. Bei njema iliwapita mlangoni, kwa sababu korosho zao zilikuwa zimekwisha kuliwa Machi.

Msidhani kwamba baada ya 2018 tuliacha. Tuliendelea, gunia moja, magunia mawili, mpaka mwaka huu. Lililotuzuia si sheria wala mahubiri. Mwezi wa Machi mwaka huu mzee yule yule alikuja, upepo ulikuwa umemng'olea mabati, akataka elfu sabini kwa kilo 50. Alifuatana na mjukuu wake, yule aliyekuwa hospitali, ambaye sasa asoma sekondari. Tulipokuwa tukiandika, mtoto aliinama akatazama daftari, akasema, "Babu, hii ni elfu moja na mia nne kwa kilo." Hakusema kwa ubaya, alifurahi tu kwamba amepata jibu. Mzee alimkemea, maana si adabu kumhesabia mtu mkubwa fedha zake. Kisha akatutaka radhi. Yeye akatutaka radhi sisi! Tulimpa elfu sabini zile, tukamwambia atarudisha fedha, si korosho, naye aliondoka akiwa na wasiwasi, akidhani tumekasirika.

Basi tufanye nini? Kufukuza wanachama, kama walivyotaka wengine, kutatuondolea watu wawili watatu waliotajwa na kuwaacha thelathini wasiotajwa. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, anakumbukwa huku kwa shauri la jando. Angeweza kulipiga marufuku tu kwa Wakristo, akaishia hapo, na vijana wangekwenda porini vile vile. Yeye aliuliza jando lafanya kazi gani katika maisha ya watu, akatafuta namna ya kuliingiza katika Kanisa. Watu wamebishana juu ya kazi yake hiyo mpaka leo, na sisi hatuwi waamuzi. Lakini swali lake lilikuwa zuri, nalo lafaa hapa. Kangomba yafanya kazi ya kuvusha watu kutoka Februari mpaka Oktoba. Asiyeleta kivuko kingine asishangae watu wakipanda kile kibovu.

Kivuko kingine kipo, nacho ni kikoba. Vijiji vingi vya kwetu vina vikundi vya kuweka na kukopa, nasi watumishi hatumo, au tumo katika vya kwetu wenyewe, mjini, tukikopeshana kununua televisheni. Twashauri kila mwanachama aingie katika kikundi cha kijiji anachokaa, si kama mlezi, bali kama mtu wa kawaida mwenye hisa zake. Fedha yake ya kila mwezi itatia maji sandukuni katika miezi ambayo wakulima hawana, nao watatia yao msimu ukifika. Mkopo utoke kwa fedha urudi kwa fedha, na riba ijulikane na wote. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yataka vikundi hivi visajiliwe. Kazi ya kuandika fomu na kuweka vitabu sawasawa ndiyo hasa tuliyosomea. Twajua kwamba sanduku la kikoba halitoshi kwa kila dhiki, na kwamba wengine wataona faida yake ni ndogo mno. Ni ndogo. Ndiyo maana hatukuifuata sisi wenyewe miaka yote hii.

Tena, wenye madaftari wageuze kilo kuwa shilingi kabla ya Februari. Martin Kayamba na wenzake, waliounda chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, walikuwa na haja nyingi, lakini hatudhani walitaka siku moja mwana kijiji asikiapo "chama cha watumishi" afikirie gunia lake.

Daftari letu tumelikabidhi kwa mwandishi wa chama, pamoja na karatasi hizi alizoomba zisizidi nne kwa kuwa wino umepungua. Lina majina matatu ya mwaka huu, na mbele ya kila jina tumefuta kilo tukaandika fedha ile ile tuliyotoa. Mwandishi amekubali kupokea madaftari mengine, bila kumwuliza mtu neno, kila Jumamosi baada ya saa sita mchana.